Kumfunza mtafiti wa afya ya ubongo: anzeni na njiti nne za kibiriti

Mafunzo mengi ya watafiti wa afya ya ubongo katika nchi zetu huishia ukumbini: projekta, chai ya saa nne, cheti. Kisha wadodosaji, yaani wanaouliza maswali na kuandika majibu, wanapakiwa kwenye gari kwenda Newala au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, na takwimu wanazorudi nazo hakuna anayeweza kuzitetea. Kwangu mimi, siku mbili za ukumbi zinatosha. Zinazobaki zitumike vibarazani, wanafunzi wawili wawili, wote wakimpima mzee yuleyule.

Chukueni kipimo cha IDEA, cha kupima kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa kuwazingatia wazee ambao hawakupata shule. Mzee hashiki kalamu. Anakumbuka orodha ya maneno kumi, anaeleza daraja ni kitu gani, anamtaja mwenyekiti wa kijiji, anasema leo ni siku gani, anataja wanyama kwa dakika moja na kupanga njiti nne za kibiriti kwa kufuata mfano. Alama za juu ni 15. Kuanzia 7 kushuka, uwezekano wa demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ni mkubwa, na mzee apelekwe kwa daktari kwa uchunguzi kamili.

Ukikisoma ni chepesi. Ukikaa nacho kibarazani ndipo utaona. Mzee anataja kuku, jogoo, tetea, kifaranga: mdodosaji mmoja ameandika wanne, mwenzake mmoja. Bibi anachanganya Kiswahili na Kimakonde, na mdodosaji aliyetoka Dar anaruka majina asiyoyajua. Mjukuu aliyekaa pembeni ananong'ona jibu. Swali la mwenyekiti nalo lina mtego wake: baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, mzee anayemtaja mwenyekiti aliyemaliza muda anaweza kuwa amesahau, au mdodosaji mwenyewe ndiye hajui aliyepo sasa. Kwa hiyo kanuni ziandikwe kabla ya kwenda uwandani: mnyama wa aina moja akitajwa kwa jinsia au umri tofauti ahesabiwe vipi, lugha gani zinakubalika, na majina ya viongozi yachukuliwe kwa mtendaji wa kijiji asubuhi ya siku hiyohiyo.

Kabla ya yote, pimeni masikio na macho. Mzee asiyesikia atafeli maneno kumi ilhali ubongo wake ni mzima, na mwenye mtoto wa jicho hazioni njiti kwenye mkeka wenye marangirangi. Tandikeni kitambaa cheupe.

Umri nao ni kazi. Kitambulisho kinasema Januari mosi, na mwaka umekisiwa. Tengenezeni kalenda ya matukio ya kusini: mradi wa karanga wa Nachingwea uliofutwa 1951, kimbunga kilichopiga Lindi 1952, Uhuru 1961, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Anayekumbuka kimbunga kile akiwa tayari anachunga mbuzi hawezi kuwa na miaka 70 leo, hata kadi iseme nini.

Sasa hesabu, mahali ambapo wakufunzi wengi hupita harakaharaka. Tuseme wadodosaji wawili wamepima wazee 40. Wamekubaliana kwamba 32 hawana tatizo na 2 wanalo. Katika 6 wametofautiana, watatu kila upande. Makubaliano ni 34 kati ya 40, yaani asilimia 85, na ukumbi mzima utapiga makofi. Lakini kila mmoja amesema "hana" kwa wazee 35, kwa hiyo hata kwa kubahatisha tu wangekubaliana kwa asilimia 78 hivi. Toa sehemu hiyo ya bahati, na kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano yaliyozidi bahati ambapo 1 ni kukubaliana kabisa, inashuka hadi 0.31, ambayo ni dhaifu. Mimi simruhusu mtu kukusanya data chini ya 0.6. Wanarudi kibarazani, tunapitia wale wazee 6 mmoja mmoja hadi ijulikane ni kipengele gani kimewatenganisha. Mara nyingi ni wanyama au njiti.

Kwenye kifafa, msiulize mlangoni kama nyumba ina mgonjwa wa kifafa. Mtajibiwa hapana. Ulizeni dalili: kuanguka ghafla, kupoteza fahamu, mwili kukakamaa na kutikisika, kujikojolea, kujing'ata ulimi, na kama imetokea zaidi ya mara moja bila homa. Hilo la homa ndilo linalotenga degedege ya watoto, na wadodosaji wapya hulisahau.

Vibali: NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwanza, halafu barua ishuke mkoani, halmashauri, kata, kijiji. Msipange uwanda Oktoba hadi Desemba, korosho zinaokotwa na nyumba ni tupu; masika ikikolea gari halifiki. Juni hadi Septemba ni afadhali, ingawa waliokwenda kupuliza salfa kwenye mikorosho mtawapata jioni.

Jambo la mwisho lina ubishi zaidi. Data ikishasafirishwa kwenda kuchambuliwa Ulaya au Marekani, kijana wa Masasi anabaki mjaza dodoso hata afanye miradi mingapi. Iandikwe kwenye mkataba, kabla fedha haijaingia, kwamba nakala ya data inabaki nchini, na kwamba kila mwanafunzi ana swali moja lake: analichambua mwenyewe, anaandika rasimu ya kwanza, na jina lake linatangulia. Mshirika asiyekubali kipengele hicho anatafuta vibarua.