Eti mtoto mwenye akili anafaulu popote?

Wengi tumekua tukisikia kwamba kodi ya nyumba ni mambo ya wakubwa, mtoto akiwa na bidii hata mkilala sita chumba kimoja atafaulu tu. Na kweli wapo waliofaulu hivyo, wengi wetu tunawajua. Ila hao ndo tunaowakumbuka, walioishia njiani hatuwahesabu.

Chukua Dar, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ikishindikana mnahamia Chanika huko pembezoni mwa jiji, mtoto shule bado ipo Temeke, basi anaamka saa kumi alfajiri kugombania daladala, konda hataki wanafunzi, anafika kachoka na hesabu ndo kipindi cha kwanza. Usiku homuweki anafanyia kitandani, tivii inaongea.

Marekani kuanzia 1994 walijaribu kwenye miji 5, familia za kipato cha chini zikapewa msaada wa kodi kuhamia mitaa isiyo na umaskini mwingi. Alama za mitihani hazikupanda sana jamani, tusidanganyane, ila watoto waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walikuja kuingia chuo zaidi na kulipwa vizuri zaidi ukubwani. Waliohama wakiwa wameshavuka umri huo hawakuona faida hiyo.

Ukitaka kucheki mwenyewe muulize mwalimu wa darasa wangapi wamehamia au kuondoka katikati ya muhula, halafu angalia maendeleo yao kabla na baada. Na ukiambiwa fulani alifaulu uswahilini, uliza darasani kwake walikuwa wangapi na wangapi hawakufaulu.