Mtoto anayejisemea mwacheni aseme

Wiki hii tena mama mmoja amenijia na binti wa miaka 5. "Dokta, akichora anaongea peke yake. Mwalimu wake ameniambia nimkanye." Nimelisikia hili mara nyingi mno, na kila likija linaniuma, maana mtoto anakatazwa kufikiri.

Waliosoma saikolojia chuoni hunitajia Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri. Ni kweli, mwaka 1923 aliandika kwamba watoto wadogo husema bila kujali kama wanasikilizwa, kwa sababu bado hawajaweza kujiweka mahali pa mwingine, na kwamba usemi huo hufifia wakikua. Wapi alisema wanyamazishwe?

Vygotsky, mwanasaikolojia Mrusi, aliyaona hayohayo akayafasiri vingine. Aliwawekea watoto vikwazo, mara karatasi haipo, mara penseli haipo, na kujisemea kukaongezeka karibu maradufu. Mtoto mmoja wa miaka 5 na nusu alikuwa anachora tramu, ncha ya penseli ikavunjika. Akakandamiza, karatasi ikabaki na mkwaruzo usio na rangi. Akajisemea, "Imevunjika," akachukua rangi za maji, akachora tramu iliyopata ajali. Neno moja lile liligeuza mchoro mzima! Kwa Vygotsky, sauti hiyo haipotei. Inashuka, inakuwa mnong'ono, mwisho inaingia ndani na kuwa yale tunayojiambia kimoyomoyo tukihesabu chenji kwenye daladala. Piaget mwenyewe, alipozisoma hoja hizo miaka mingi baada ya mwenzake kufariki mwaka 1934, alikubali kwamba usemi wa ndani unaanzia hapo.

Kwa hiyo akijisemea, usimjibu wala usimkatize. Tega sikio tu, utajua amekwama wapi kabla hajakuuliza.

Nyingine ninayoletewa: "Ametimiza miaka 7, mbona hajaingia hatua ya tatu?" Piaget aliugawa ukuaji wa fikra katika hatua, na ya tatu, ya kufikiri kimantiki kuhusu vitu anavyoviona na kuvishika, aliiweka kuanzia miaka 7 hivi. Umri huo ni makadirio, alichosisitiza ni mfuatano wa hatua. Na jinsi unavyompima inabadilisha jibu. Mwaka 1974 watafiti McGarrigle na Donaldson walipanga safu mbili za vitu, idadi sawa. Mtu mzima akiisogeza safu moja kwa makusudi, watoto wengi wa miaka 4 hadi 6 walisema idadi imebadilika. Ikivurugwa na mwanasesere dubu "mtundu", wengi wao walisema ni ileile.

Eti Piaget anataka mtoto aachwe na Vygotsky anataka afundishwe, uchague mmoja? Hapana. Kwa wote wawili, mtoto ndiye anayejenga uelewa wake.