Sindano za peptidi: kilo zinazopungua hutoka wapi?

Wagonjwa wengi wanaoniuliza kuhusu sindano za peptidi hutaka kujua watapungua kilo ngapi. Mimi huwauliza kilo hizo zitatoka wapi, kwa sababu mtu anapokonda hupoteza mafuta pamoja na misuli, na mizani haitofautishi kati ya hivyo viwili.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, malighafi zilezile zinazojenga protini. Insulini ni mfano ambao wengi wanaufahamu. Semaglutidi, peptidi inayotumika kupunguza uzito, huiga homoni ya GLP-1, ambayo utumbo huitoa baada ya mlo. Homoni ya asili huvunjwavunjwa ndani ya dakika chache, ilhali semaglutidi imeundwa ijishikize kwenye albumini, protini iliyomo kwenye damu, ndiyo maana sindano moja hutosha kwa wiki nzima. Haiyeyushi mafuta, kama matangazo yanavyodai. Hutuliza njaa kupitia ubongo, mtu akashiba mapema, akala kidogo, na mwili ukalazimika kutumia akiba yake.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliodungwa semaglutidi kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, huku waliodungwa sindano isiyo na dawa wakipungua asilimia 2.4. Washiriki wachache kati yao walipimwa kwa eksirei ya DXA, ambayo hutenganisha mafuta na tishu nyingine, na ikaonekana kwamba takriban asilimia 40 ya kilichopotea hakikuwa mafuta. Si misuli mitupu hiyo, kwani maji na viungo vya ndani vimo katika hesabu, na mafuta ndiyo yaliyopungua zaidi. Hata hivyo, kwa mzee ambaye miguu yake imeshaanza kudhoofika, upungufu huo si wa kupuuza. Ndiyo sababu ninasisitiza mazoezi ya kunyanyua vitu vizito na protini katika kila mlo. Dagaa na maharage yanatosha, hakuna haja ya unga wa protini wa makopo wa bei ya kuruka.

Tesamorelini, peptidi nyingine ya sindano, ni habari tofauti kabisa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa watu wanaoishi na VVU ambao mafuta yamerundikana ndani ya tumbo lao. Huichochea tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni ya ukuaji, na katika majaribio ya wiki 26 mafuta hayo yalipungua kwa takriban asilimia 15, ilhali uzito ulibaki karibu palepale. Haikuidhinishwa kwa ajili ya kupunguza uzito, na mtu akiiacha, mafuta hurudi.

AOD-9604, kipande cha homoni ya ukuaji kinachosifiwa sana na wanyanyua vyuma, kilijaribiwa kwa wanadamu na hakikuonyesha manufaa ya kutosha. Waliokuwa wakikiendeleza walisitisha kazi hiyo mwaka 2007. Bado kinauzwa mtandaoni kama unga kwenye vichupa vilivyoandikwa “kwa utafiti tu”. Mimi simwandikii mtu.

Kabla ya kumwanzishia mgonjwa semaglutidi kwa miligramu 0.25, ninampima mzunguko wa kiuno na muda anaotumia kusimama kutoka kitini mara tano, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Pia ninamuuliza kama anaweza kuigharamia kwa miaka, kwa kuwa waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza.