Kilwa Kisiwani: yanayosemwa na yalivyo

Mtoto yeyote aliyesoma historia katika shule za Tanzania amekutana na Kilwa: dhahabu ya Sofala, sarafu za shaba, misikiti ya mawe. Lakini waulize watu wazima wa Dar es Salaam ni wangapi wamekwisha kanyaga pale. Wengi watakwambia ni mbali, au hawajui waanzie wapi, au hayo ni mambo ya wazungu wenye kamera. Inaniuma, kwa sababu mji ule ni wetu na njia ya kufika ipo wazi. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Nikishuka Kilwa nimefika."

Kilwa ziko tatu, na ukikosea moja unapoteza siku. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, mkoani Lindi, nayo iko bara. Kilwa Kivinje iko kaskazini yake, bandari iliyostawi karne ya 19. Ina nyumba za zamani, jengo la utawala la Wajerumani na Mwembe Kinyonga, mahali aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kupambana na Wajerumani hao. Pitia huko ukiwa na nafasi. Magofu makubwa unayoyajua kwa picha yako Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya Masoko, mkono wa bahari wa kilomita mbili hivi.

Ukipanda basi la Lindi au Mtwara, litakushusha njia panda ya Nangurukuru. Hapo unatafuta gari jingine la kukupeleka Masoko, mwendo wa kama kilomita 30. Basi la moja kwa moja hadi Masoko litakupunguzia usumbufu huo, kwa hiyo uliza vizuri kabla ya kukata tiketi.

"Barabara haipitiki."

Wanaosema hivi wanakumbuka zamani, na hawadanganyi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mvua zikikolea magari yalikwama siku nyingi. Leo ni lami kutoka Dar es Salaam hadi Masoko, karibu kilomita 300, na mabasi ya Kusini unayapata Mbagala Rangi Tatu. Ukiondoka alfajiri, mchana umefika.

La kuangalia ni masika. Mwezi Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara hii eneo la Somanga, na wasafiri wakakwama. Ukisafiri Aprili au Mei, uliza hali ya njia kwanza. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua huwa chache na jua lina huruma kidogo.

"Kisiwa kinaonekana pale, nitavuka tu."

Kuvuka ni rahisi, ila kuna utaratibu. Magofu ni hifadhi, yanasimamiwa na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, na mgeni huchukua kibali Masoko kabla ya kwenda gati. Ada ya raia ni tofauti na ya mgeni wa nje, hivyo beba kitambulisho. Chukua na mtu wa kukuongoza. Ukienda peke yako utaona kuta nyingi na hutajua ipi ni ya karne ipi.

Vyombo ni boti za mashine na mashua za tanga. Mashine inavuka upesi, tanga linasubiri upepo. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla hujatia mguu, na dai jaketi la kuokolea bila kuona haya. Tena muulize nahodha habari za maji. Yakiwa yametoka, chombo hakisogei karibu na ufuo, utashuka na kutembea majini umebeba viatu mkononi.

"Ni majengo ya Wareno." "Hapana, ni ya Waarabu."

Hili ndilo linalonichoma zaidi, maana hata watu wa Pwani wanalirudia.

Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505 na kuondoka mwaka 1512. Msikiti Mkuu ulikwisha anza kujengwa karne ya 11 na ulipanuliwa karne ya 14, ukawa na vyumba vya kuba mfululizo. Husuni Kubwa, jumba la kifalme lenye birika la pembe nane juu ya genge linalotazama bahari, ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika katika utawala wake, mwaka 1331, akausifu mji. Sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana Great Zimbabwe, huko dhahabu ilikotoka. Hayo yote Wareno waliyakuta. Walichoanzisha ni ngome ufukoni, Gereza, na hata hiyo sehemu kubwa unayoiona leo ni ya zama za Waomani.

Je, Waajemi? Tarikh ya Kilwa, maandishi ya kale ya historia ya mji, inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shiraz akanunua kisiwa kwa nguo. Wachimbuaji wa mambo ya kale nao wamekuta kwamba watu waliishi pale kabla ya majengo ya mawe, katika nyumba za miti na udongo. Halafu mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya waliozikwa katika miji ya kale ya Pwani, Kilwa ikiwamo. Ulionyesha damu ya Kiafrika, zaidi upande wa akina mama, na ya Kiajemi upande wa akina baba, zilizoanza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Kwa hiyo masimulizi ya wazee yana ukweli ndani yake, lakini hayampi mtu yeyote ruhusa ya kusema Mwafrika hakujenga. Jiwe ni matumbawe ya bahari ile ile, na chokaa imechomwa kutokana na matumbawe hayo. Ni mji wa Waswahili.

"Ulikufa Wareno walipokuja, sasa hakuna mtu."

Ulidhoofika, ukainuka tena. Jumba la Makutani, lenye kuta ndefu karibu na ufuo, ni la karne ya 18. Kuinuka huko kulikuwa na sura mbaya, na lazima kusemwe: mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitiliana mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa, waliopelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi.

Na watu wapo. Kuna kijiji, kuna wavuvi, watoto wanacheza kando ya magofu. Unaingia katika mji wa Waislamu, kwa hiyo vaa kwa heshima, toa salamu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Usipande kuta hata kama wenzako wanapanda. UNESCO iliyaandika magofu haya urithi wa dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari inayala na mizizi inayapasua.

"Saa moja inatosha."

Haitoshi. Msikiti Mkuu, Gereza na Makutani viko karibu karibu, lakini Husuni Kubwa iko mashariki, unatembea juani. Vuka saa moja asubuhi na ubebe maji yako ya kunywa.

Songo Mnara itengee siku nyingine. Ni kisiwa kingine upande wa kusini, chenye nyumba za mawe na misikiti ya karne ya 14 hadi 16, nacho kimo katika urithi ule ule wa UNESCO. Safari yake ni ndefu zaidi na hufuata maji, maana kuna mikoko na tope. Mtajie nahodha majina yote mawili, Songo Mnara. Songo Songo ni kisiwa cha gesi asilia, kiko upande wa kaskazini, na ukipelekwa huko hutaona msikiti hata mmoja wa sultani.