Jekyll au Hugo? Ulizeni kwanza nani atabaki kuitunza tovuti

Mradi wa programu huria ninaousaidia upande wa nyaraka umewahi kuandikwa upya karibu nusu ya msimbo wake bila mtu kupandisha sauti. Lakini mwenzetu mmoja alipopendekeza tuachane na Jekyll, zana inayojenga tovuti yetu ya nyaraka, twende Hugo, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, kila mtu akawa na neno. Si ajabu. Wanaoingia ndani ya programu yenyewe ni wachache. Tovuti kila mtu ameishika mahali.

Kwa asiyeijua kazi hii: kurasa zetu huandikwa kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache. Zana huyapitia mafaili hayo, huyavisha violezo, kisha hutoa HTML, yaani kurasa ambazo kivinjari huzisoma moja kwa moja, isiyohitaji hifadhidata wala seva yenye nguvu. Jekyll ilitoka mwaka 2008, imeandikwa kwa Ruby, na GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka tovuti mtandaoni, huiendesha yenyewe: unahariri faili kwenye kivinjari, unahifadhi, basi. Hugo ilitoka 2013, imeandikwa kwa Go, na huja kama faili moja tu la kupakua.

Hapa Nairobi hilo "faili moja tu" lina uzito wake. Mwanafunzi mwenye laptopu kuukuu ya Windows na bando la simu anataka kusahihisha sentensi na kuona ukurasa utakavyotokea. Kwa Jekyll atasakinisha Ruby, kisha Bundler, kisha msururu wa maktaba, na baadhi yake huenda zikataka kujengwa papo hapo kwa kompaila ya C. Bando likiisha au stima ikipotea katikati, wengi hufunga laptopu na hatuwaoni tena. Kuhusu kasi, inayopigiwa debe kuliko yote, mimi hainisumbui. Tovuti ya kurasa mia mbili hivi hujengwa upesi vya kutosha kwa zana yoyote.

Waliopinga waliitwa wakaidi, na sidhani walitendewa haki. Mmoja wao ndiye aliyeandika violezo vyetu vyote vya Liquid, lugha ya violezo ya Jekyll, na alijua kitu ambacho waliokuja na shauku hawakukiona: Markdown si moja. Jekyll huisoma Markdown kwa kramdown, na humo tumezoea kubandika darasa la CSS, yaani jina linaloamua mwonekano, kwa mabano ya mawimbi na nukta mbili. Hugo, tangu toleo 0.60 la mwaka 2019, huisoma kwa Goldmark, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida huiondoa HTML iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya Markdown mpaka uiruhusu wewe mwenyewe. Tuna majedwali chungu nzima yaliyoandikwa kwa HTML hivyo. Tovuti inajengwa hadi mwisho na ukurasa unafunguka vizuri, ila jedwali halipo.

Halafu kuna anwani. Chapisho la Jekyll kwa kawaida hubeba tarehe kwenye anwani yake na kuishia na .html; Hugo hupenda anwani inayoishia na mkwaju (/). Usipoyapanga hayo mapema, kila kiungo kilichomo kwenye notisi za wahadhiri na majibu ya miaka iliyopita kinakufa. Hugo hukuruhusu kuorodhesha anwani za zamani juu ya kila ukurasa, nayo itamwelekeza msomaji kwenye mpya, lakini lazima apatikane mtu wa kuziandika. Nao wenzetu wanaotafsiri kwa Kiswahili walikuwa na sura kadhaa zinazosubiri kukaguliwa. Ukihamisha mafolda na kubadili yaliyomo kwa pamoja, Git, zana inayotunza historia ya mafaili yetu, huanza kulalamika kila mstari, na anayeumia ni mtafsiri.

Mfano unaotajwa kila mara ni Kubernetes, mradi mkubwa wa programu huria ya kuendesha programu kwenye seva nyingi, ambao tovuti yake ilihama kutoka Jekyll kwenda Hugo mwaka 2018. Sawa, lakini nyuma ya Kubernetes kuna kampuni zinazolipa watu mishahara. Sisi tuna jioni na wikendi. Katika mradi wa kujitolea, mtu mwenye ari anaweza kuonyesha tovuti mpya inayong'aa Jumatatu asubuhi; utafutaji, lugha ya pili, RSS (mlisho wa habari mpya) na ramani ya tovuti hubaki kwa atakayekuwepo miezi sita baadaye. Tena zana zenyewe hazidumu. Gatsby, zana nyingine ya kujenga tovuti iliyowahi kusifiwa kila kona, ilinunuliwa na kampuni ya Netlify Februari 2023, na waliojenga juu yake wakaanza kutafuta pa kwenda.

Kwa hiyo swali nililolipeleka kwenye kikao lilikuwa la majina. Nani wawili watakaojibu tovuti ikigoma kujengwa, kwa zana yoyote tutakayochagua? La kwanza lilipatikana upesi. La pili bado.

Wakati tukingoja, tumefanya jambo dogo ambalo halikuwa kwenye pendekezo la upande wowote. Kila badiliko linalowasilishwa sasa hujengwa lenyewe kwenye seva, na mwandishi hupewa kiungo cha kuutazama ukurasa wake kabla haujakubaliwa. Yule mwanafunzi hahitaji tena Ruby wala Hugo, kivinjari kinamtosha. Baadhi ya waliotaka kuhama wamepoa. Mwenye pendekezo hajapoa, anasema violezo vya Liquid vinamtia kichefuchefu, na hoja hiyo sijaipatia jibu.