Kwa nini anayesomea meno apasue mwili mzima?

Kijana wa Dodoma akiwaambia ndugu zake kwamba anasomea udaktari wa meno, swali hufuata upesi: kama kazi yako ni meno 32, chumba cha maiti unaendea nini? Ni swali la haki. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha tiba na meno chini ya shule moja, na anayesomea meno hukutana na moyo, mapafu, tumbo, mikono na miguu muda mrefu kabla hajashika koleo la kung'olea. Kozi ni ya miaka 5, na katika miaka ya mwanzo jino lenyewe hutajwa mara chache kuliko ndugu wanavyodhani.

Ukitaka kuelewa sababu, anza na sindano ya ganzi. Mtu akienda kung'oa gego la chini, daktari hamchomi kwenye jino linalouma. Anaipeleka sindano nyuma kabisa ya kinywa, upande wa ndani wa taya. Baada ya dakika chache gego limekufa ganzi, lakini pia nusu ya mdomo wa chini, nusu ya kidevu na nusu ya ulimi. Wagonjwa wengi huogopa, wakidhani dawa imezidi.

Haijazidi. Mfupa wa taya la chini ni mnene na mgumu, hasa penye magego, na dawa ikimwagwa kando ya jino haipenyi vizuri kuifikia mizizi. Kwa hiyo daktari huiwahi neva, yaani mshipa wa fahamu, kabla haijaingia mfupani, kama fundi anayefunga koki kabla bomba halijagawanyika kwenda nyumba kwa nyumba. Neva hiyo ni tawi la neva ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Huingia kwenye tundu dogo upande wa ndani wa taya, hupita ndani ya mfereji chini ya mizizi ya meno ikiligawia kila jino tawi lake, kisha sehemu yake hutokea nje kwenye tundu la pili, karibu na kidevu, na kuishia kwenye ngozi na mdomo wa chini. Mdomo ukifa ganzi, daktari anajua dawa imefika mahali pake. Ulimi nao una neva yake inayopita mbele kidogo ya hiyo, na dawa huifikia ikiwa njiani.

Sasa, neva hiyo haionekani kinywani mwa mgonjwa aliye hai. Daktari anapapasa ukingo wa mfupa kwa kidole, anaangalia mikunjo ya nyama laini, anakadiria kina. Kando ya neva kuna mshipa wa ateri na wa vena, na ndiyo sababu kabla ya kusukuma dawa anairudisha pampu ya sindano nyuma kidogo kuangalia kama damu inaingia. Sindano ikienda nyuma kupita kiasi, dawa inaweza kumwagika kwenye tezi kubwa la mate lililo mbele ya sikio. Ndani ya tezi hilo hupita neva ya saba, inayoendesha misuli ya uso. Mgonjwa atashindwa kufumba jicho la upande huo mpaka dawa iishe nguvu. Amekuja kutibiwa jino, na sasa jicho halifumbi! Mwanafunzi aliyewahi kuifuata neva hiyo kwa mkono wake, milimita kwa milimita, kwenye mwili wa mtu aliyefariki, anajua kwa nini hilo hutokea na namna ya kuliepuka. Picha ya kitabuni haimfundishi unene wa nyama, wala jinsi watu wanavyotofautiana: tundu la huyu liko juu kidogo, la yule liko nyuma. Watu ambao miili yao hutumika kwa masomo hayo wanastahili heshima kubwa, kwa sababu kila mgonjwa anayeng'olewa jino bila maumivu ananufaika nao.

Historia yenyewe inaonyesha gharama ya kusoma bila kuona. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alijifunza kwa kupasua wanyama, akafundisha kwamba taya la chini la binadamu ni mifupa miwili. Iliaminiwa hivyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 1543 tabibu Andreas Vesalius, akiwa na umri wa miaka 28, alichapisha kazi yake iliyotokana na kupasua miili ya watu na kuonyesha kwamba taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja. Kichanga huzaliwa na nusu mbili, zinazoungana kidevuni katika mwaka wake wa kwanza.

Taya la juu lina habari zake. Mfupa wake ni mwembamba, hivyo sindano ya kando ya jino mara nyingi inatosha. Ila juu ya mizizi ya magego yake kuna uwazi wenye hewa unaofunguka puani, na kwa baadhi ya watu mizizi hutenganishwa na uwazi huo na ukuta mwembamba sana wa mfupa. Mtu mwenye mafua makali yaliyojaza uwazi huo anaweza kuhisi magego kadhaa ya juu yanauma kwa pamoja, hasa akiinama. Meno yake ni mazima. Kung'oa hapo ni kumdhulumu.

Shingo ni jambo la uzito zaidi, na hapa natamani kila msomaji asikie vizuri. Sakafu ya kinywa imeundwa na msuli mpana unaoshikilia upande wa ndani wa taya la chini. Mizizi ya gego la pili na la mwisho mara nyingi hufika chini ya mstari ambapo msuli huo umejishika. Usaha wa jino bovu ukitoboa mfupa upande wa ndani, unaangukia chini ya msuli, shingoni, na kutoka hapo unaweza kusambaa pande zote mbili. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza uvimbe wa namna hii mwaka 1836, na bado unaua. Ulimi husukumwa juu na nyuma, njia ya hewa inaziba. Mtu mwenye jino bovu aliyevimba chini ya kidevu, anayeshindwa kumeza mate au kufungua kinywa, ambaye sauti imebadilika au anapumua kwa shida, asingoje asubuhi wala asisukutue kwa maji ya chumvi nyumbani. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na moyo? Maumivu ya moyo uliokosa damu ya kutosha huweza kusikika kwenye taya la chini. Taarifa za neva kutoka moyoni na kutoka usoni hukutana kwenye shina la ubongo na sehemu ya juu ya uti wa mgongo, na ubongo hukosea chanzo. Mzee anayesema taya linamuuma akipanda kilima na kutulia akipumzika, huku meno yake hayaumi hata yakigongwa, hafai kukalishwa kwenye kiti cha kung'olea. Anahitaji kupimwa moyo.

Anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili, hufundisha pia jinsi mwili unavyojengwa kabla ya kuonekana, na nadhani hapa ndipo daktari wa meno anapoisaidia jamii yetu zaidi. Meno ya utotoni huanza kuumbika mtoto akiwa tumboni, kwenye wiki ya 6 hivi. Anapozaliwa, machipukizi ya meno yote 20 yamo tayari ndani ya taya. Chonge hutokea kati ya miezi 16 na 22, lakini mapema zaidi fizi iliyo juu yake inaweza kuonekana imevimba na kuwa nyeupe. Huo ndio uvimbe ambao katika sehemu nyingi za nchi yetu huitwa meno ya plastiki, na kulaumiwa kwa homa na kuharisha. Mtoto hupelekwa kutolewa kwa kisu, sindano au kitu kingine chenye ncha.

Mama anayefanya hivyo anampenda mwanawe. Ameona homa, ameona uvimbe, akaviunganisha. Lakini katika umri huo huo mtoto anaanza vyakula vingine, anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia kinywani. Kuharisha kunatoka huko, na homa inaweza kuwa malaria. Kinachochokolewa ni chonge lake ambalo bado laini, na chipukizi la chonge la ukubwani liko jirani, nalo huweza kuharibika. Hatari za damu kuvuja, pepopunda na maambukizi mengine zinakuja juu ya hayo, huku ugonjwa wenyewe ukiachwa bila tiba. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS) na apelekwe zahanati, fizi ziachwe.

Ujuzi huo huo wa ukuaji unajibu swali linaloulizwa sana Singida na maeneo mengine ambako maji ya visima yana madini ya floridi kwa wingi: kwa nini wenyeji wana meno ya kahawia, na mtumishi aliyehamia akiwa na miaka 30 meno yake hayageuki? Ganda gumu la jino hutengenezwa na seli zinazofanya kazi mara moja tu, jino likiwa bado ndani ya taya. Floridi ikizidi wakati huo, seli huvurugika na ganda linatoka na madoa au vishimo. Jino likishatokea, seli hizo zimekwisha kufa, haziwezi kuliharibu wala kulitengeneza upya. Kwa meno ya ukubwani yanayoonekana mtu akicheka, kazi hiyo huwa imekwisha kufikia miaka 8 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Familia isiyoweza kupata maji ya namna hiyo kwa matumizi yote iyatafute kwanza kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto wadogo. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapopungua kwenye sufuria, floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri huwa na kidogo sana.