Mwamba Ukiingia Sebuleni, Usiufiche

Nyumba nyingi ninazoitwa kupanga samani na mpangilio wa ndani hapa Mwanza zimejengwa mlimani. Bugarika, Mabatini, Isamilo, hata Capri Point kwa wenye uwezo wao, utakuta msingi umekwepa jiwe moja ukagota kwenye jingine. Ndani, chumba kinabaki na pembe isiyoeleweka, au bega la mwamba linachomoza ukutani, na mwenye nyumba ananiambia, "Dada, hapa nifichie tu."

Namkatalia, na sababu si urembo peke yake. Ukisimamisha ukuta wa jipsamu mbele ya mwamba, chumba ambacho tayari ni kidogo kinamegwa tena, na nyuma ya jipsamu unafungia unyevu. Masika ikikolea, maji ya mlimani hushuka yakifuata uso wa jiwe na kupenya pale linapokutana na tofali. Jipsamu hulainika, kuvu huanza. Lipu nayo haisaidii: jiwe na tofali havitanuki sawa jua linapopiga, kwa hiyo ufa utarudi palepale kwenye maungio. Tiba iko nje. Chimba mfereji upande wa juu wa nyumba, maji yapate njia nyingine, ndipo tuzungumze habari za ndani.

Maji yakishadhibitiwa, mwamba unakuwa mali. Ninachopenda zaidi ni kuupachikia rafu au meza ya kusomea. Meza ya kina cha sentimita 50 na upana wa 75 inamtosha mtoto wa shule na madaftari yake. Shida ni ukingo unaogusa jiwe. Mafundi wengi hukata ubao kwa mstari ulionyooka, husukuma hadi ugote, kisha pengo linajazwa simenti. Inauma kuona mninga mzuri ukiishia hivyo.

Fanya hivi. Chukua kadibodi ya boksi la friji, ilaze pale ubao utakapokaa, hakikisha kwa pimamaji kwamba imelala sawa, kisha isukume mpaka iguse jiwe kwenye nundu iliyochomoza zaidi. Tafuta kijiti chenye upana sawa na pengo kubwa kuliko yote. Kishike pamoja na penseli, ukitembeze taratibu upande mmoja ukiwa unagusa mwamba, penseli ichore upande wa pili. Kila bonde na kila nundu vitajiandika kwenye kadibodi. Kata, jaribu, rekebisha. Ikikubali, hamishia mchoro kwenye ubao, ukate kwa msumeno mwembamba na kumalizia kwa msasa. Wakati ubao unaingia mahali pake na jiwe linaupokea bila kubishana, hata fundi aliyekuwa ananung'unika hunyamaza akatazama.

Kabati lenye mgongo usilibane na mwamba. Acha sentimita 5 hivi nyuma yake hewa ipite. Na kitanda, tafadhali, usikiegemeze kwenye jiwe linalopigwa na jua la jioni kwa upande wa nje: hunywa joto mchana na kuliachia usiku, wakati unatafuta usingizi.

Taa weka chini, pembeni ya jiwe, imulike kwenda juu. Taa ya darini hulifanya jiwe lionekane bapa, ila mwanga wa pembeni huonyesha kila mkunjo. Chagua balbu ya mwanga wa manjano badala ya mweupe mkali. Kwa sisi tulio karibu na ziwa ina faida nyingine, inavuta wadudu wachache zaidi.

Chini ya ngazi mambo ni mepesi: upande mrefu tundika nguo, ukiacha kina cha sentimita 60, na upande mfupi weka droo za magurudumu unazovuta kutoka ubavuni. Pembe kali ya sebule ijengee kibaraza cha kukalia, kimo cha sentimita 45, mfuniko juu na mashuka ndani.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta atumie rafu ya kusimama yenye miguu ya skrubu inayopanda na kushuka, maana sakafu za mlimani nazo hazilali sawa. Ukingo wake uchongwe kwa kadibodi vilevile. Akihama, anaondoka na rafu yake, na kwa nyumba mpya atahitaji kuchonga upya ukingo mmoja tu.